Sahani ya Burito

Shemeji yangu Burito alikuwa mtu wa kula, na hilo silisemi kwa ubaya. Katika mji wa baba mkwe wangu, nje kidogo ya Bunda, mwanamume aliyekula kwa furaha alikuwa sifa ya mpishi, na mpishi mkubwa nilikuwa mimi, kwa kuwa nimeolewa na Yakobo, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Burito alikuwa kitinda mimba. Katikati yao yupo Eliasi, mtu wa maneno machache na wivu mwingi. Wote watatu wa tumbo moja, na walilisema hilo tumbo moja asubuhi na jioni mpaka masikio yakachoka.

Ujana wake Burito aliumalizia kwenye mizani ya pamba. Msimu ukifunguliwa, chama cha msingi kilimwita yeye kupima, kwa sababu wakulima walimwamini, na kwa sababu alijua kuwachekesha watu waliosimama juani na mizigo yao tangu alfajiri. Mtu aliyekuja na hasira ya bei aliondoka amesahau kugomba. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuvumilia kumwona mtu amenuna, hasa akiwa ndugu yake. Yakobo akikunja uso kidogo, Burito hapati usingizi. Alimwoa Marcelina, binti kutoka Kiriba, ambaye alikuja na dagaa na furu wa kukausha wa huko kwao ziwani, na mwanzoni tulimcheka kwamba nyumba yake inanuka. Burito akawapeleka furu hao kwa kaka zake na kuwasifia mpaka ikawa Yakobo mwenyewe anauliza leo Marcelina kapika nini.

Pale kwetu mwanamume hali ndani na mkewe. Jioni kila nyumba hupika ugali wake na mboga yake, watoto wa kike hubeba, na wanaume hukaa kuzunguka moto kando ya zizi. Wananawa, na mikono yote inaingia sahani moja. Ugali wa nyumba hii ukiisha, unafuata wa nyumba ile. Mtu akila peke yake pale uwanjani, maana yake ni mbili tu: ama ana ugonjwa wa kuambukiza, ama anawashuku wenzake kwamba wametia sumu. Baba mkwe wangu alikufa bila kusemezana na kaka yake, na chanzo kilikuwa siku moja tu ambayo huyo kaka alikataa kunawa, akasema ameshiba.

Ugonjwa wa Burito ulianza kwa kiu. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni mwezi wa tisa, akakonda huku anakula kuliko zamani. Marcelina ndiye aliyegundua jambo jingine. Nyuma ya banda la kuni, mahali Burito alipozoea kukojoa, sisimizi walikuwa wamejaa weusi tii. Aliniita nikaone. Nilitazama kidogo nikageuza uso, kwa sababu mkojo wa shemeji si kitu cha mimi kukiangalia, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Eliasi alisema karogwa kwenye pamba. Burito akaanza kunywa maji ya mwarobaini, machungu mpaka machozi yanamtoka, na sisimizi hawakupungua.

Marcelina hakumsubiri mtu. Alimpeleka Musoma, hospitali, na huko hakuna aliyeuliza nani kamroga. Walichukua damu kwenye vichupa, wakachukua na mkojo, wakawaambia wasubiri. Majibu ya maabara yalipotoka wakapelekwa kwa dada mmoja wa lishe aitwaye Diana, mwenyeji wa Butiama, mfupi, asiyejua kubembeleza. Marcelina alinisimulia yote aliporudi, tukiwa tunachambua mgagani. Diana aliwaambia kuwa sukari haikuwa juu siku ile tu. Kuna kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokuwa miezi mitatu iliyopita, nacho kilikuwa kimepanda vibaya. Mafuta kwenye damu yalikuwa mengi. Figo zilikuwa bado nzima.

Kutoka hapo ndipo alipompangia chakula. Kwa kuwa figo ni nzima, furu wa mkewe na maharage aendelee nayo. Kwa kuwa mafuta ni mengi, samli aiage. Nusu ya sahani yake iwe mboga za majani, na ugali uwe wa ulezi au mtama, ukubwa wa ngumi. Burito, mtu wa mizaha, akauliza ni ngumi ya nani, maana kaka yake Yakobo ana ngumi kubwa.

"Yako wewe," Diana alimjibu. "Hiki chakula kimetoka kwenye damu yako. Kaka yako sijampima."

Kuhusu mwarobaini, Burito alitegemea kuchekwa, lakini Diana hakumcheka. Alimwambia aje nao, wakampima sukari kabla hajanywa, wakampima tena baadaye, na hivyo hivyo siku nyingine. Sukari haikusogea. Akamwambia kama anapenda uchungu aendelee kunywa, ila vidonge vya hospitali asiviache hata siku moja, na avae viatu, na kila jioni aangalie nyayo zake, kwa sababu sukari hulaza miguu ganzi mtu akaumia bila kujua. Mlonge aliruhusiwa, lakini kama mboga.

Baada ya miezi michache Burito alikuwa mtu mwingine. Kiu iliisha, sisimizi wakahama, akarudi kwenye mizani na mizaha yake. Kila aliporudi Musoma kupimwa, namba zilikuwa zimeshuka, na Diana alimbadilishia kidogo hiki na kile kadiri damu ilivyosema. Mimi nilipendezwa sana. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akiumwa pale nyumbani, kila mwenye mdomo anampa dawa yake. Sasa nilikuwa namwona mtu analishwa kwa kujulikana mwili wake.

Lakini ngumi ya ugali haipimiki mikono mingi ikiwa inachota sinia moja. Ilibidi apakuliwe kwake. Jioni ya kwanza Marcelina alimpelekea sahani yake uwanjani, Burito akaketi mahali pake pa siku zote, akanawa na wenzake, kisha akaivuta sahani yake magotini. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Eliasi aliitazama ile sahani kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kitanda.

Yakobo, mume wangu, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Burito, sisi umetuona tumekuwaga wachawi lini?"

Burito alieleza. Alieleza jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa, habari za damu na ngumi na Diana, huku anacheka ili wacheke. Hawakucheka. Hawakumkataza pia, maana hao wanaume wangu hawana hata ujasiri wa kukataza. Walianza tu kumtenga. Wakawa wanaanza kula kabla hajafika. Wakinong'ona jambo, akitokea wanageukia habari za mvua. Ng'ombe wawili waliuzwa bila yeye kuambiwa. Nilimwuliza Yakobo, mtu akivaa viatu vyake mwenyewe hamumwiti mchawi, sahani imekosa nini? Alinijibu, "Mama Robi, wewe umeolewa hapa. Hukuzaliwa hapa." Toka siku ile nikimwona anavyolamba vidole vyake, moyo wangu unakunjamana.

Burito alistahimili sukari vizuri kuliko alivyostahimili kununiwa. Mtu aliyekuwa anawapatanisha watu wa mizani hakuweza kuwapatanisha ndugu zake na sahani. Akawa anakaa pale na chakula chake kilichopimwa, anakula kama mtu anayemeza dawa, macho yake yakiwa kwa wenzake. Marcelina alijaribu kumfanya ale ndani naye, kama kwao Kiriba ambako baba hula na mke na watoto. Alikaa ndani siku moja tu. Alisema anajiona kama mtoto aliyefungiwa.

Ndipo Eliasi akaleta habari za Gody.

Huyo Gody alikuwa amepanga chumba karibu na stendi ya Bunda, ameandika ukutani kwamba anapima mwili mzima bila sindano na kumpa kila mtu lishe yake. Yakobo akaamua twende wote, akanichukua na mimi nikasikilize mambo ya mapishi. Nilimchukia Gody kabla hajafungua mdomo. Alivaa koti jeupe la daktari lenye doa la mchuzi mfukoni. Kucha ya kidole chake cha mwisho ilikuwa ndefu, imeshika uchafu mweusi kwa chini, na marashi aliyojipulizia yalikuwa makali kiasi cha kuniwasha koo. Ukutani kabandika picha za maini na utumbo, nyekundu, kama kwenye bucha. Alikuwa na kompyuta ndogo, na waya, na kwenye ncha ya waya kipande cha chuma. Mtu anakishika mkononi, kompyuta inachorachora, basi, kapimwa.

Gody alisema kila mtu ashike kwa zamu. Hapo ndipo mume wangu aliponyoosha shingo. Akasema haina haja.

"Sisi ni tumbo moja, damu yetu moja," akamwambia. "Mahari natoaga mimi kwa niaba ya wote. Kesi za ng'ombe nasimamaga mimi. Mkubwa ni mimi. Nipime mimi, itakuwa umetupima wote."

Nilimtazama Gody. Nilidhani hata tapeli ataona aibu. Daktari wa kweli angesimama akatufukuza. Huyu alitabasamu, meno yote nje, akasema mzee amesema jambo zito, na kwamba hata sayansi inakubali familia ni damu moja. Yule mtu alikuwa tayari kuuza chochote kwa yeyote, na ujinga wa mteja kwake ulikuwa faida tu.

Marcelina hakuvumilia. Alimshika Burito bega akasema, "Mgonjwa ni huyu. Pima huyu." Yakobo akamwambia mwanamke asimfundishe. Sote tukamgeukia Burito. Ilikuwa juu yake. Angenyoosha mkono tu akasema nipimeni mimi, au akasema nimeshapimwa Musoma, twendeni nyumbani, yangekwisha. Alimwangalia kaka yake, na kaka yake alikuwa amekunja uso.

"Acha, mama," akamwambia mkewe taratibu. "Kaka ameshashika."

Yakobo, ambaye hajawahi kuugua hata jino, alikishika kile chuma. Kompyuta ikachorachora. Gody akasoma kwamba nyumba hii haina sukari kabisa, ila ina sumu kwenye ini na uchovu wa mishipa. Dawa ni unga wake wa kopo, ukorogwe kwenye uji na asali, waunywe wote. Vidonge vya hospitali viachwe, kwa kuwa vinagombana na unga. Na mle pamoja, akaongeza huku anamwangalia Yakobo apate kumfurahisha, kwa sababu upweke nao ni ugonjwa. Mbuzi walitoka zizini, makopo yakaingia ndani.

Jioni hiyo alichinjwa mbuzi mwingine. Burito aliingiza mkono sahani ya wote, na uwanja mzima ukashangilia. Nilimsikia akicheka kile kicheko chake cha kwenye mizani, ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Alikula mpaka mafuta yakamtiririka kwenye kiwiko. Eliasi, ambaye alikuwa hajamsemesha, alimmegea mnofu kwa mkono wake mwenyewe. Marcelina alikaa jikoni kwangu hakula, na mimi nilitema mate majivuni. Watu watatu wazima walikuwa wanafurahia kumuua mmoja wao, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anacheka zaidi.

Vidonge aliviacha. Marcelina alimwomba, alimgombeza, alimwekea kwenye uji akavitema. Alisema akivimeza atakuwa anamfanya kaka yake mwongo. Kiu ilirudi, na sisimizi wakarudi nyuma ya banda la kuni. Safari hii Burito aliwafukia kwa mchanga kabla watu hawajaamka. Nilimwona kwa macho yangu.

Wakati wa kung'oa mabua ya pamba, bua lilimchoma unyayoni. Hakulisikia. Aliona damu kwenye kandambili, akapangusa, akaendelea na kazi. Eliasi alimpigia Gody simu, na Gody akasema kidonda wakinyunyizie ule unga. Wakanyunyizia unga wa kunywa kwenye kidonda kibichi, ukagandamana na usaha ukawa kama uji ulioungua. Mguu ukavimba, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Mimi nimelea watoto tisa wa watu mbalimbali, nimeosha maiti, nimesafisha matumbo ya ng'ombe tangu nikiwa msichana, lakini ile harufu ilinishinda. Ilikuwa tamu na mbovu kwa pamoja. Iliingia kwenye nguo, kwenye kanga niliyojifunga puani, kwenye ugali nilioupika baadaye. Nzi walimfuata Burito kila alikokwenda, na alikuwa anawapunga huku anatuomba radhi.

Na pale uwanjani? Wenye tumbo moja wakaanza kuhamisha viti vyao upande upepo unakotoka. Walijisogeza kidogo kidogo kila jioni, mpaka ikawa Burito amekaa peke yake upande wa moshi, anarefusha mkono kuifikia sahani, na kila alipochota, Eliasi aliacha kuchota upande ule. Nilikuwa nawaangalia. Chuki niliyoisikia wakati ule bado ninayo, na sitaki initoke.

Tulimpeleka Musoma mimi na Marcelina kwa gari la kukodi, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Walimpima mara tu alipofika, na sukari ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliirudia akidhani amekosea. Diana alikuja wodini. Alisimama akautazama ule mguu, halafu akauliza kwa nini vidonge viliachwa. Burito alisema walipima tena Bunda, ikaonekana sukari haipo.

"Alipimwa nani?" Diana akauliza.

"Kaka."

"Na anayeumwa nani?"

"Mimi," Burito akasema.

Diana alitutazama sisi wanawake, tukainamisha vichwa kama watoto wa shule. Kisha akasema atazungumza na daktari, akaondoka.

Walimkata mguu chini ya goti. Yakobo na Eliasi walikuja siku ile wakakaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani. Nilikuwa namtazama mume wangu. Mkubwa wa nyumba, mtoa mahari, msimamia kesi, aliyeshika chuma kwa niaba ya wote. Hakuna aliyemsikia akimwambia daktari akate wa kwake, kwa kuwa damu ni moja. Alikuwa anatafuna njugu. Nilimpita nikaenda kukaa mbali, kwa maana ningekaa karibu ningemtapikia. Gody naye nilimtafuta siku tuliyorudi Bunda. Chumba kilikuwa kimefungwa, na muuza matunda wa jirani akasema amehamia mji mwingine, biashara ilikuwa inamwendea vizuri.

Burito alirudi nyumbani na magongo, amekonda, lakini sukari imeshuka na namba zake Marcelina anazijua kwa kichwa. Jioni ya kwanza alijikokota hadi uwanjani akaketi mahali pake. Kidonda kilikuwa bado kinatoa maji, na bandeji inanuka dawa. Hakikuwa kinanuka kama zamani, lakini pua zao zilikuwa zinakumbuka. Waliongea naye kidogo, wakamuuliza habari za Musoma. Aliposikia baridi akaomba arudishwe mlangoni kwake akajifunike, Eliasi akamsaidia haraka kuliko ilivyokuwa lazima.

Alipokwisha kuondoka, Yakobo aliniita. Hakunitazama usoni.

"Mama Robi, yule awe anapakuliwa kwake," akasema. "Kidonda hakijafunga. Hapa watu wanakula."

Niliingia jikoni nikapakua: mgagani nusu ya sahani, furu wawili wa Marcelina, ugali wa ulezi ukubwa wa ngumi. Nikampelekea mwenyewe. Burito alikuwa amekaa kizingitini, gongo kaliegemeza ukutani. Aliipokea ile sahani, akaitazama, akanitazama na mimi.

"Kaka kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

Alisikiliza wenzake walivyokuwa wanacheka kule kwenye moto.

"Kumbe inawezekanaga," akasema, akanyoosha mikono nimnawishe.